Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: mtoto mgonjwa apimwe kabla ya kuandikiwa dawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mganga Mkuu wa Serikali. Na Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri zote.

Waheshimiwa,

Sisi ni wauguzi, wakunga na matabibu tunaohudumia watoto kwenye zahanati na vituo vya afya. Ombi letu ni moja, na yote yaliyomo katika barua hii yanalitumikia hilo. Kila mtoto mgonjwa wa chini ya miaka mitano anayefikishwa zahanati apimwe uzito, ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima na aangaliwe dalili za hatari (kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea) kabla mtu hajashika kalamu ya kumwandikia dawa. Na huyo anayempima awe na vifaa, awe na dawa ya kiwango cha mtoto, na awe na njia ya kumfikisha hospitali mtoto aliyezidiwa.

Tanzania imepiga hatua kubwa, na tunaanza kwa kulikiri hilo. Takwimu za kitaifa za mwaka 1999 zilionyesha vifo 147 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2015-16 vilikuwa 67, na mwaka 2022 vilishuka hadi 43. Chanjo, vyandarua na dawa mseto za malaria vimefanya kazi yake. Lakini tazameni namba iliyogoma kushuka: vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 25 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Maana yake ni kwamba sasa zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano wanaondoka ndani ya mwezi wa kwanza. Vifo vilivyobaki havizuiliwi na kampeni ya siku tatu. Vinazuiliwa na mtu mmoja aliyekaa mbele ya mtoto mmoja, anayejua la kutazama na mwenye nafasi ya kulitazama.

Njia ya kufanya hivyo ipo, na nchi yetu ni miongoni mwa zilizoithibitisha mapema. Udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, ambao wengi tunauita IMCI, yaani kumpima na kumtibu mtoto hatua kwa hatua kwa kufuata chati, ulifanyiwa tathmini Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya hizo zikilinganishwa na Kilombero na Ulanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizotumia utaratibu huo, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa kuliko kwingine. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na chati zenyewe zimo kwenye makabati yetu. Kinachokosekana ni dakika, vifaa na usimamizi wa kuzitumia.

Bila hivyo, mtoto huhudumiwa namna hii. Mama anasema mtoto ana homa na anakohoa. Kidole kinachomwa, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana. Mhudumu ana foleni ya watu arobaini nje na hana jibu lingine la homa, basi anaandika antibiotiki na parasetamoli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta takriban 7 kati ya kila 10 wana ugonjwa wa virusi, na takriban 1 tu kati ya 10 ana malaria. Waliokuwa na ugonjwa wa njia ya hewa walikuwa wengi, lakini nimonia iliyoonekana kwenye picha ya kifua ilikuwa kwa wachache mno kati yao. Hivyo antibiotiki inapotolewa kwa kila kikohozi, wengi wanaimeza bure. Na yule mmoja mwenye nimonia ya kweli anapewa chupa ileile waliyopewa wenzake, kwa kipimo kilekile cha kukisia, anarudishwa nyumbani bila mtu kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa hatarini.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji maabara, umeme wala kitendanishi. Mtoto anakaa mapajani kwa mama, ametulia, halii wala hanyonyi. Nguo inapandishwa kifua na tumbo vionekane. Mhudumu anahesabu sekunde 60 kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anapumua haraka akifikisha pumzi 50. Wa miezi 12 hadi miaka mitano akifikisha 40. Mchanga wa chini ya miezi 2 kiwango chake ni 60, na akikifikisha anahesabiwa tena, kwa sababu pumzi za mchanga huenda kwa mikupuo: anaharakisha, anatulia kidogo, anaendelea. Wapo wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ili kuokoa muda. Hapo kukosea pumzi moja ni kukosea nne, na pumzi nne ndizo zinazomtenga mtoto wa 38 anayerudi nyumbani na yule wa 42 anayehitaji dawa.

Anayehesabu hatakiwi kuondoa macho kifuani. Akitumia simu au saa ya mkononi, macho yanahama kila baada ya sekunde chache na hesabu inapotea. Ndiyo maana kuna kipima dakika kinacholia, kilichotengenezwa kwa kazi hii tu. Ni kifaa kidogo, bei yake ni ndogo, na hakifai kuwekwa kwenye ofisi ya mganga mfawidhi. Kinatakiwa kining'inizwe kwa kamba juu ya kiti cha mhudumu, kila chumba kinachopokea watoto.

Hapohapo, kabla nguo haijashushwa, ndipo kifua kinapoangaliwa kama kinabonyea. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutanuka pamoja. Mwenye kifua kinachobonyea, sehemu ya chini ya mbavu inaingia ndani wakati wa kuvuta pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulibadilika mwaka 2014: mtoto wa miezi 2 au zaidi anayebonyea kifua, asiye na dalili ya hatari na asiye na VVU, anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza na kuangaliwa tena baada ya siku chache. Zamani alipewa rufaa. Kuna kuta ambazo bado zina chati ya zamani pembeni ya chati mpya, na wahudumu wawili wa zahanati moja wanaweza kumwamulia mtoto mmoja mambo mawili tofauti, kila mmoja akiwa na karatasi ya kumtetea. Tunaomba chati za zamani zikusanywe na kuondolewa. Kuleta mpya tu hakutoshi.

Uzito nao una kisa chake. Kwenye zahanati ya kawaida mzani uko chumba cha kliniki ya mama na mtoto. Mtoto mzima anapimwa kila mwezi na nukta yake inawekwa kwenye kadi. Mtoto mgonjwa anaingia chumba cha wagonjwa wa nje, na uzito wake unakadiriwa kwa macho. Wa kwanza uzito unatuonyesha anavyokua. Wa pili uzito ndio unaoamua dozi ya kila dawa atakayopewa, kuanzia dawa mseto hadi maji ya kumrudishia yaliyopotea mwilini. Tunaomba mzani wa pili. Mzani wa kuning'iniza wa kilo 25 unaosoma kila gramu 100 unatosha, mradi mshale urudishwe sifuri suruali ya kupimia ikiwa imeshaning'inizwa. Kuukagua hakuhitaji fundi: dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5 pamoja na uzito wa dumu tupu. Likining'inizwa kila Jumatatu asubuhi, mzani uliopotoka unajulikana kabla haujampotosha mtu.

Sasa tuje kwenye amoksilini, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo dawa ya bei nafuu inaposhindwa kazi bila mtu kuona. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 10 na nimonia anatakiwa kupata miligramu 500 asubuhi na 500 jioni kwa siku tano. Vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji au maziwa ya mama vinalimaliza suala hili kirahisi: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 20. Wa miezi 2 hadi 11 kimoja asubuhi na kimoja jioni, jumla 10. Wa miaka mitatu hadi mitano vitatu kwa vitatu, jumla 30. Mama anaondoka na idadi iliyohesabika, haihitaji jokofu wala kijiko cha kupimia, na dozi ya kwanza inayeyushwa mbele yake kwenye kikombe ili aone inavyofanywa.

Vidonge hivyo vikikosekana, mama anaelekezwa duka la dawa kununua dawa ya maji, ingawa sera inasema mtoto wake anatibiwa bure. Dawa ya maji ya miligramu 125 kwa mililita 5 inamtaka mtoto huyohuyo wa kilo 10 ameze mililita 20 asubuhi na 20 jioni. Ni mililita 40 kwa siku, yaani chupa ya mililita 100 inaisha siku ya tatu asubuhi. Kwa siku tano zinahitajika chupa mbili. Lakini mazoea ni chupa moja, kijiko kimoja cha mililita 5 mara tatu kwa siku. Hizo ni miligramu 375 kwa siku badala ya 1,000. Mtoto anapata nafuu ya siku mbili, kisha anarudi amezidiwa, na anaandikiwa antibiotiki kali zaidi kwa madai kwamba amoksilini "haifanyi kazi siku hizi". Ongezeni hapo maji ya kuchanganyia yasiyochemshwa, chupa iliyojazwa kupita mstari ili dawa iwe nyingi, na chupa isiyotikiswa kabla ya kumimina, dawa yote ikiwa imetuama chini. Kila kosa kati ya haya linaondoka vidonge vya kuyeyuka vikiwepo dirishani.

Je, kwa nini vinakosekana? Mara nyingi si kwa sababu Bohari ya Dawa haina. Zahanati inaagiza kwa kutazama matumizi ya mzunguko uliopita. Dawa ikikosekana siku 30 katika mzunguko wa siku 60, matumizi yanaonekana nusu, oda inayofuata inakuwa nusu, na upungufu unajizaa wenyewe. Hesabu sahihi ni kugawanya matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, halafu kuzidisha kwa siku zote za mzunguko. Vilivyotumika vidonge 600 kwa siku 30 vinamaanisha mahitaji ni 1,200. Mfamasia wa halmashauri akikataa oda yoyote isiyoonyesha siku za kukosekana kwa dawa, tatizo hili litapungua bila kuongeza shilingi kwenye bajeti ya taifa.

Kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, oksimita, tunakiomba pia, ila kwa masharti. Kile cha kubana kidole cha mtu mzima hakimfai mtoto wa miezi minne: kinacheza, mwanga unapita pembeni, na kinasoma chini kuliko ukweli au hakisomi kabisa. Kinachotakiwa ni chenye kihisi cha mtoto cha kuzungushia kidole gumba cha mguu au unyayo. Mguu ukiwa baridi usuguliwe upate joto kwanza. Namba isiandikwe mpaka mapigo kwenye kioo yatulie. Mtoto aliye chini ya asilimia 90 ni wa kupewa rufaa hata kama anaonekana mchangamfu. Kwenye nyanda za juu kama Makete usomaji wa mtoto mzima huwa chini kidogo kuliko pwani, na mafunzo yaliseme hilo. Lakini zahanati ikipewa oksimita bila oksijeni ya kumwekea mtoto wala gari la kumpeleka anakoipata, tutakuwa tumeongeza namba ya kuandika kwenye rejista, basi.

Kuharisha. Kona ya ORS, yaani mahali pa kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari ya kurudishia maji mwilini, ilikuwa jambo la kawaida, na pengi imegeuzwa stoo. Haihitaji zaidi ya benchi, meza, ndoo ya maji salama yenye bomba, jagi lenye mstari wa lita moja, vikombe na vijiko. Mtoto mwenye upungufu wa maji wa kadiri anapewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Wa kilo 8 ni mililita 600, sawa na kijiko cha chai kimoja kila dakika mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Mama hawezi kuyafanya haya amesimama kwenye foleni, na akiambiwa akayafanyie nyumbani hakuna atakayeona kama macho yamejaa tena na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi upesi. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye chupa ya nusu lita, maji yanakuwa na chumvi maradufu: mtoto anayakataa, na akiyanywa yanaweza kumdhuru. Kila anayetoa pakiti aonyeshe chupa ya lita moja yenyewe. Zinki isisahaulike: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, nusu kidonge chini ya hapo, siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukiisha siku ya pili. Tangu mwaka 2019 ORS na zinki zilizofungwa pamoja zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinunuliwe zikiwa pamoja, maana zikija kwa njia mbili moja hufika na nyingine hukosekana.

Watoto wachanga ndio waliobeba ile namba iliyogoma. Mchanga mwenye maambukizi makali hatoi ishara kubwa. Anaacha kunyonya vizuri, anapata degedege, anasogea akiguswa tu, anapumua 60 au zaidi, kifua kinabonyea sana, joto la kwapani linafika 37.5 au linashuka chini ya 35.5. Moja tu kati ya hizo inatosha kumpa rufaa, na dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini anachomwa palepale, kabla hajaondoka.

Ugumu uko kwenye jentamaisini. Kichupa tunachokiona mara nyingi ni cha miligramu 80 ndani ya mililita 2, kiwango cha mtu mzima. Mchanga wa kilo 3, kwa miligramu 5 kwa kilo, anahitaji miligramu 15, yaani mililita 0.375. Bomba la sindano la mililita 5 halina mstari wa kupimia kiasi hicho, na mkono ukiteleza kidogo mtoto anapata dozi mbili za dawa inayoweza kuharibu figo na masikio. Kwa hofu hiyo, wapo wanaoamua kutochoma kabisa na kumwacha mchanga asafiri saa tatu bila dawa. Suluhisho ni kuleta kichupa cha miligramu 20 kwa mililita 2, ambapo mtoto huyo anapata mililita 1.5, au kuongeza mililita 6 za maji ya sindano kwenye kile cha 80 ili kila mililita iwe na miligramu 10, na hapo pia ni 1.5. Tunaomba kichupa kidogo kiingie kwenye oda za zahanati, bomba za mililita 1 na 2 ziletwe pamoja nacho, na jedwali la uzito na mililita libandikwe kwenye mlango wa kabati la dawa.

Familia isipoweza kwenda hospitali hata baada ya kuelezwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaruhusu jentamaisini ya msuli mara moja kwa siku, siku 2 au 7, pamoja na amoksilini ya kumeza siku 7, kwa mchanga asiye mahututi. Wahudumu wengi wanaogopa kuutumia kwa kuwa hawana waraka wa halmashauri unaowalinda. Waraka huo ni ukurasa mmoja.

Rufaa yenyewe. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115, umeonyesha kwamba usafiri wa dharura unaweza kuratibiwa hadi kijijini, kwa gari la wagonjwa likiwepo na kwa madereva wa jamii lisipokuwepo. Umejengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka miwili anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa, aliyepata degedege au aliyelegea hana namba kama hiyo. Mama yake anatafuta bodaboda na anakopa nauli jirani, saa zinapita. Tunaomba mlango ufunguliwe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye dalili moja ya hatari. Dalili hizo ni chache na zimeandikwa, hivyo hofu kwamba kila kikohozi kitaita gari haina msingi.

Kabla ya gari kufika, kuna kazi. Anayeweza kumeza apewe mililita 30 hadi 50 za maziwa au maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye mililita 200, kuzuia sukari kushuka njiani. Mwenye malaria kali achomwe artesuneti, miligramu 3 kwa kilo kama yuko chini ya kilo 20. Sindano isipokuwepo, ya njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo, irudiwe ikitoka ndani ya nusu saa. Hapa kuna mtego: mtoto anaweza kuamka na kuomba uji, na wazazi wakaona safari haina haja tena. Dawa hiyo ni ya kumvusha tu. Bila matibabu kamili malaria inarudi, na wazazi waambiwe hivyo kabla dawa haijawekwa. Pia tusikimbilie kumwaga dripu: utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walikufa zaidi walipomiminiwa maji mengi kwa haraka. Dripu ya haraka ina mahali pake, kwa mtoto aliyekaushwa na kuharisha. Si kwa kila aliyelegea.

Kuhusu lishe tutasema machache. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono uwe mfukoni mwa kila anayegusa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na uvimbe wa miguu yote miwili unaobaki na shimo ukibonyezwa kwa kidole gumba nao ni utapiamlo mkali, hata kama mkono unaonekana mnene. Chakula dawa kipatikane karibu, maana mzazi hawezi kusafiri kila wiki kwenda hospitali ya wilaya.

Chanjo tunaitaja kwa jambo moja. Kichupa cha surua-rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa hakivuki saa 6. Mtoto wa miezi 9 au 18 akija peke yake siku ya Jumanne, mhudumu anafikiria dozi tisa zitakazomwagwa, anamwambia mama arudi siku ya chanjo. Wengine hawarudi. Mhudumu anafanya hivyo kwa sababu msimamizi anamuuliza upotevu wa chanjo kila robo mwaka, wala hakuna anayemuuliza ni watoto wangapi aliwarudisha. Tunaomba agizo la maandishi: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, upotevu unaotokana na hilo usihesabiwe kosa, na idadi ya waliorudishwa bila chanjo iwe na safu yake kwenye ripoti.

Hilo linatuleta kwenye usimamizi. Usimamizi shirikishi ukifika kituoni, saa mbili zinaishia kwenye rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: safu zilizoachwa wazi, jumla zisizolingana. Msimamizi anaondoka bila kumwona mtoto. Tunaomba kila ziara ianze kwa kuketi chumbani na kutazama watoto wawili wagonjwa wakihudumiwa tangu salamu hadi dozi ya kwanza, msimamizi akihesabu pumzi pamoja na mhudumu, kimya, kisha walinganishe namba. Mhudumu aliyefunzwa IMCI alitakiwa kufuatwa kazini wiki nne hadi sita baada ya mafunzo. Mafunzo ya siku 11 bila ziara hiyo huyeyuka haraka, na ni fedha nyingi. Vishikwambi vinavyomwongoza mhudumu hatua kwa hatua vimejaribiwa kwenye vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23 ya watoto, zikilinganishwa na 70 kwenye huduma ya kawaida, na watoto hawakupona vibaya zaidi. Tunaunga mkono vienee, ila kishikwambi hakihesabu pumzi. Swali lake linajibiwa na mtu, na mtu akibuni jibu kifaa kinalipokea.

La mwisho ni mamlaka. Jioni, usiku na mwisho wa wiki, anayempokea mtoto kwenye zahanati nyingi ni muuguzi peke yake. Anatibu, kwa sababu hakuna mwingine, lakini maandishi ya kazi yake hayasemi wazi kwamba aliyefuzu IMCI anaruhusiwa kuainisha ugonjwa na kutoa dawa zilizomo kwenye chati. Marekani ilianza kuwafundisha wauguzi wa watoto kazi hiyo mwaka 1965 huko Colorado, chini ya muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, kwa sababu tunayoijua vizuri: watoto walikuwa wengi vijijini na madaktari hawakuwafikia. Wizara na Baraza la Uuguzi na Ukunga waandike orodha fupi ya dawa na taratibu ambazo muuguzi aliyepimwa na kufuzu anaruhusiwa, na muda wa kupimwa upya. Akikosea nje ya orodha awajibike. Akifuata orodha alindwe.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango kabambe ya afya ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Tunaomba mstari wa bajeti kwa kila zahanati wenye haya: mzani wa pili, vipima dakika viwili, oksimita yenye kihisi cha mtoto, vyombo vya kona ya ORS, jentamaisini ya miligramu 20 na bomba zake. Kwa kuwa fedha sasa zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mengi ya hayo kamati ya kituo inaweza kuyanunua yenyewe iwapo halmashauri itatoa idhini na vipimo sahihi vya kununulia. Waraka wa wachanga, agizo la kichupa na mlango wa 115 viko mikononi mwenu, na tunaomba mtujibu kwa maandishi lini kila kimoja kitatoka.

Wenu katika kuwahudumia watoto,

Wauguzi, wakunga na matabibu wa zahanati na vituo vya afya